Kamera ya Dodoma huchaguliwa na vumbi

Wapiga picha wa Dodoma tunapokutana, swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, nichukue Canon au Sony?" Mara nyingi muulizaji ni kijana aliyedunduliza fedha kwa muda mrefu, na anataka atajiwe jina moja tu akalale. Mimi humrudishia swali. Utapiga wapi, mwezi gani, na utafika huko kwa usafiri gani? Akisema atapiga harusi za Ipagala na Nkuhungu, mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na akipata nafasi atapanda bodaboda hadi mashamba ya zabibu ya Hombolo, basi ameshanitajia nusu ya vifaa vyake bila kugusa jina la kampuni hata moja.

Wengi wetu tulijifunzia vifaa kwenye video za wachambuzi wa Ulaya, Marekani na Japani. Wanajua kazi, na nimefaidika nao sana. Lakini kamera wanaijaribu kwa kuimwagia maji na kuibeba kwenye theluji, droni wanairusha juu ya misitu yenye mawingu, na lenzi wanaipima kwenye machweo yanayojivuta saa nzima. Sisi tuko kwenye nyanda kame, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani mvua yetu haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya vumbi, jua na upepo. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: bodi yoyote (kamera yenyewe bila lenzi) iliyo nzima inatosha kuanzia, na fedha inayofuata iende kwenye lenzi na vitu vidogo vilivyochaguliwa kwa ajili ya vumbi, jua na upepo wa hapa. Bodi ya pili ya kifahari isubiri.

Kuhusu kampuni sitakaa sana. Sony walianza mfumo wao wa lenzi wa E mwaka 2010, Canon wakaja na RF na Nikon wakaja na Z, wote wawili mwaka 2018, na kamera za wote watatu zinapiga picha nzuri kuliko macho ya wateja wetu yanavyodai. Jambo moja tu naliweka wazi kwa anayeogopa kununua kamera ya zamani yenye kioo, yaani DSLR. Lenzi zake hazitamfia mkononi. Mdomo wa EF wa Canon, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera, umekuwepo tangu 1987, na wa F wa Nikon tangu 1959. Kwenye EF, umbali kutoka mdomo wa lenzi hadi kwenye sensa, kile kipande kinachopokea picha, ni milimita 44. Kwenye RF ni milimita 20. Nafasi hiyo ya milimita 24 ndiyo inayokaliwa na adapta, ambayo ndani haina kioo chochote cha kuharibu picha. Nikon nao walitoka milimita 46.5 wakashuka hadi 16. Ukinunua leo lenzi ya mtumba ya EF pale Kariakoo, kesho ukihamia kwenye kamera mpya ya Canon unahama nayo. Na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kwenda Dar asubuhi, akaijaribu lenzi mwenyewe dukani, na akarudi nayo siku hiyo hiyo.

Sasa vumbi, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Udongo wetu umetokana kwa sehemu kubwa na miamba ya graniti, ile ile unayoiona ikichomoza kwenye vilima vya mjini. Graniti ikimeng'enyuka huacha chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo: kwenye kipimo cha Mohs iko kwenye 7, wakati kioo cha kawaida kiko karibu na 5 na nusu. Maana yake ni kwamba kila anayefuta lenzi yake kwa pindo la fulana akiwa uwanjani anaipiga msasa. Mikwaruzo yenyewe huenda isionekane mwezi huo. Itajionyesha jua likiwa mbele, picha itakapopauka na duara za mwanga zikazagaa kote. Utaratibu ni kupuliza kwanza kwa kile kipulizio cha mpira cha mkononi, halafu brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho kabisa, na kiwe kimehifadhiwa ndani ya mfuko wake. Kipulizio ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye begi langu, na ndicho ninachokitumia mara nyingi kuliko vyote.

Wapo wanaopeleka kamera gereji ikapulizwe kwa upepo wa kujazia matairi. Nawasihi waache. Upepo ule una unyevu na mafuta ya kompresa, na nguvu yake inaweza kung'oa vipande vya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa. Kupuliza kwa mdomo nako kunaacha mate kwenye sensa, na mate yakikauka yanakuwa kazi nyingine.

Ili ujue sensa yako ina hali gani, piga picha ya anga tupu la buluu huku tundu la lenzi likiwa limefungwa hadi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kisha ikuze kwenye skrini. Vidoa vya kijivu utakavyoviona ndivyo vumbi. Kwenye f/2.8 vidoa hivyo havionekani, kwa sababu mwanga unaingia kutoka pembe nyingi na kivuli cha chembe kinayeyuka. Ndiyo maana mpiga picha wa harusi anaweza kukaa mwaka mzima na sensa chafu bila kujua, hadi siku anapokwenda kupiga mandhari ya Mtera. Vijiti vya kusafishia huuzwa kwa upana wa sensa: milimita 24 kwa sensa kubwa za fulufremu na 16 kwa zile ndogo za APS-C. Anza na kipulizio, kamera ikiwa imeangalia chini. Kijiti cha maji kiwe hatua ya pili.

Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zimeleta jambo jingine. Ukitoa lenzi, sensa nyingi zinakuangalia uso kwa uso. Canon walilitambua hilo mapema: EOS R ya 2018 hufunga shata inapozimwa. Sony nao wameweka mpangilio kama huo kwenye kamera kama A7 IV, lakini ni lazima uingie kwenye menyu uuwashe, na wenye kamera hiyo wengi hawajawahi kuufungua ukurasa ule. Ukiwa nayo, uwashe leo. Na hata ukiwa nao, zima kamera kabla ya kubadili lenzi, uipe upepo mgongo, mdomo wa kamera uangalie ardhini.

Lenzi za zumu zina tabia ambayo wachambuzi wa nchi za mvua hawaizungumzii sana. Lenzi inayorefuka unapovuta hunyonya hewa kila inaporefuka na kuitoa inaporudi. Hewa ya Bahi mwezi wa tisa ikiingia humo haiingii peke yake. Lenzi ya EF 70-200 f/2.8 ya Canon haibadiliki urefu. Kila kitu husogea ndani kwa ndani. Toleo la kwanza la RF la lenzi hiyo hiyo hurefuka, na Canon walifanya hivyo ili iwe fupi begini. Kwa mtu wa London naona sababu yake. Kwa kazi ya Dodoma, ningepata zote mbili mezani ningechukua ile ya zamani, uzito wake nikauvumilia.

Filta ya kinga mbele ya lenzi nayo ni mjadala usioisha. Wachambuzi wengi husema haina maana, inaongeza tu kioo kisichohitajika. Wana hoja: filta ya bei chee inapunguza ung'avu na inaleta mizuka ya taa usiku. Lakini hapa kioo cha mbele kinafutwa kila siku, na kitu kinachofutwa kila siku katika kwatzi ni heri kiwe kile unachoweza kukibadilisha. Naiweka mchana, naitoa ukumbini. Hudi ya lenzi, ile kofia ya kivuli ya mbele, sitoi kabisa. Inazuia jua la pembeni, inazuia kidole, na inapokea pigo la kwanza kamera ikidondoka.

Kuna neema moja ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Dodoma kuvu ni adimu. Wenzetu wa Tanga na Dar wanapambana na unyevu mwaka mzima, na lenzi iliyofungiwa kabatini pwani huota nyuzi nyeupe ndani ya vioo; nyuzi hizo hutoa asidi inayokula utando wa kioo. Kwetu lenzi hukaa kwenye kabati la kawaida miaka na miaka. Kwa hiyo lenzi ya mtumba kutoka pwani imulike kwanza kwa tochi ya simu kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, uangalie kwa kuinamisha. Nyuzi zikionekana, iache hata kama bei inavutia.

Na vumbi hilo hilo ndilo linalotupa picha ambazo wengine hawana. Nenda kwenye ngoma ya muheme, wanawake wa Kigogo wakiwa wamebana ngoma zao mapajani, jua la jioni likiwa nyuma yao. Miguu ikianza kupiga ardhi, vumbi linanyanyuka na kila chembe inashika mwanga. Hapo lenzi fiksi (isiyovuta) ya milimita 85 yenye f/1.8, shata 1/1000, kipimo cha mwanga kwenye nyuso na si kwenye anga, na hudi mahali pake. Nimeona picha za namna hiyo zilizopigwa kwa bodi za zamani sana, na sijaona ya kuzizidi.

Twende kwenye jua. Dodoma iko nyuzi sita kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua hutupita utosini kabisa, kati ya saa sita na dakika ishirini na saa saba mchana. Uso wa mtu wakati huo una macho mawili meusi yaliyozama kwenye vivuli vya nyusi. Jioni nayo haina subira. Jua linashuka karibu wima, na kutoka nyuzi sita juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 25. Mpiga picha wa Norway anaposema saa ya dhahabu anasema saa kweli. Ya kwetu ni chini ya nusu saa, na maharusi wakichelewa saluni imekwenda. Ndiyo maana nawaambia vijana wasitegemee jua la jioni kwa ajili ya ratiba ya harusi. Wanunue flashi na riflekta, yaani kitu cheupe cha kurudisha mwanga usoni, wajifunze kupiga saa saba mchana.

Ardhi yetu yenyewe ni riflekta, na hili nimelifuatilia kwa miaka. Udongo mwekundu unarudisha mwanga juu ukiwa na rangi yake. Angalia chini ya kidevu cha bwana harusi aliyevaa shati jeupe akiwa amesimama kwenye kiwanja kisicho na majani: kuna wekundu pale, na kwenye mikunjo ya gauni la bibi harusi pia. Ukisawazisha rangi kwa gauni, uso unakuwa wa buluu. Ukisawazisha kwa uso, gauni linakuwa la chungwa. Dawa ni kuhama. Sogeza watu kwenye sakafu ya saruji, kwenye majani, au tandika kitenge cheupe mbele yao nje ya fremu. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoondoa rangi inayotoka ardhini.

Kipimo cha mwanga cha kamera nacho kinahitaji kusaidiwa. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga, na ngozi nyeusi ya bibi harusi inazama. Tatizo hili lina historia: kadi ambazo Kodak walizisambaza kwenye maabara kwa ajili ya kusawazisha rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na filamu nyingi zilirekebishwa kwa ngozi yake. Mzee mmoja wa hapa mjini aliyekuwa na studio enzi za filamu alituambia alikuwa akiongeza hatua nzima ya mwanga, yaani mara mbili, kwa wateja wake wote, bila kumwuliza mtu. "Mwanangu, mimi napimia uso, gauni litajijua," alisema. Kwa sensa za leo namfuata kwa tahadhari: napimia uso, ila naangalia grafu ya mwanga isigonge ukuta wa kulia, kwa sababu lesi ya gauni ikiungua kwenye faili hairudi.

Lenzi ya kwanza ya kununua, basi? Milimita 50 f/1.8. Nalisema bila kusita. Canon wameitengeneza ya EF kwa matoleo kadhaa. Ile ya 1990 ilikuwa na mdomo wa plastiki, ya STM iliyotoka 2015 ina mdomo wa chuma, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta hadi milimita 55, inafunguka f/5.6 tu. Hiyo 50 kwenye f/1.8 inapokea mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwenye ukumbi wenye taa za zambarau, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata picha au ukungu. Haina zumu ya kunyonya vumbi. Ni nyepesi. Ikiharibika hulii sana.

Polaraiza, ile filta ya kuzungusha inayokata mng'ao, ni filta ambayo watu wa hapa wanaipuuza kwa kusikia kwamba haifai jua la mchana. Fizikia yake inasema vinginevyo. Inafanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka jua. Jua likiwa utosini, nyuzi 90 ni upeo wote unaotuzunguka. Saa sita na nusu mchana ya Oktoba, mibuyu isiyo na majani dhidi ya anga, polaraiza inalitia anga buluu nzito sawasawa kutoka pembe hadi pembe, jambo ambalo asubuhi huwezi kulipata kwa lenzi pana. Kwenye mashamba ya zabibu inaondoa mng'ao mweupe juu ya majani, kijani chake kinatoka. Inakula mwanga hatua moja na nusu hadi mbili, na Dodoma mwanga tunao wa kutosha. Nunua moja nzuri ya milimita 77, kisha pete za kuunganisha kwa lenzi zako za 49, 58 na 67. Pete ni rahisi kuliko filta nne.

Tripodi inapuuzwa zaidi. Nenda Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili michoro kwa mkono. Chini ya miamba ile mwanga ni hafifu, na rangi nyekundu iliyofifia inatofautiana kidogo sana na jiwe. Flashi naiacha garini, maana mwanga wa mbele unaifuta tofauti hiyo hafifu. Tripodi, f/8, wepesi wa sensa (ISO) uwe 100, shata ikae hata nusu sekunde, na upige faili ghafi (RAW). Ukifika nyumbani ipo programu ya DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman na kutolewa mwaka 2005 mahususi kwa michoro ya miambani. Inatanua tofauti za rangi hadi mikono na miguu ya viumbe ambavyo jicho halikuviona inajitokeza. Lenzi ya mamilioni haitakupa kitu hicho bila faili tulivu na safi.

Kadi za kumbukumbu nazitaja kwa haraka: feki ni nyingi, zimeandikwa gigabaiti 128 na ndani zina 16. Zijaze zote kwa programu ya bure ya H2testw kabla ya kazi ya mteja. Kwa video ya 4K tafuta alama ya V30.

Droni sasa, na nianze na kibali kwa sababu bila hicho mengine hayana maana. Usajili na ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kwa kanuni za mwaka 2018. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko ndani ya mji, Bunge liko mjini, na Mji wa Serikali uko Mtumba. Ukiweka vitu hivyo kwenye ramani utaona kwamba sehemu kubwa ya mji si ya kurushia droni kwa kujiamulia, na udogo wa droni yako si utetezi. Hifadhini kuna ruhusa nyingine ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Fuatilia karatasi kwanza, halafu tujadili propela.

Kuhusu filta za ND, zile nyeusi za kupunguza mwanga, vifurushi vingi vinavyouzwa ni vya ND4, ND8 na ND16. Kwa Dodoma ya mchana havitoshi, na hesabu ni fupi. Jua kali, ISO 100: shata 1/100 kwa f/16. Droni nyingi ndogo zina tundu lisilobadilika la f/2.8, yaani hatua tano zaidi za mwanga, kwa hiyo shata inapanda hadi karibu 1/3200. Video ya fremu 25 kwa sekunde inataka 1/50 ili mwendo uonekane laini. Tofauti ni hatua sita, nazo ni ND64. Mwenye droni ya DJI Mini 3 Pro au Mini 4 Pro, zenye f/1.7, anahitaji nzito kuliko hiyo. Seti ya DJI ya Mini 4 Pro ina 16, 64 na 256, na ile 256 ambayo watu huishangaa imetengenezwa kwa jua kama letu. Mavic 3 ya 2021 inaweza kufunga tundu hadi f/11, kwa hiyo ina nafuu.

Upepo ndio unaonitia wasiwasi kwa vijana. Mini 2 imepewa uwezo wa kuhimili hadi mita 10.5 kwa sekunde, na Mini 3 Pro 10.7. Hizo ni namba za kuhimili. Kurudi ni habari nyingine. Droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde ikikutana na upepo wa mita 8 uso kwa uso, inabaki na mita 2 za kusonga mbele. Kilomita moja kwa mwendo huo ni zaidi ya dakika nane, na betri inatumika wakati wote huo. Kwa hiyo kwenda uende ukipingana na upepo, kurudi uletwe nao. Ukikwama, shuka, karibu na ardhi upepo hupungua. Kumbuka pia kwamba ile amri ya kurudi nyumbani kwanza huipandisha droni juu, ambako upepo ni mkali zaidi. Na dakika 31 zilizoandikwa kwenye boksi la Mini 2 zilipimwa bila upepo. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko usawa wa bahari, na propela zinazunguka zaidi kubeba uzito ule ule. Mimi huanza kurudi betri ikiwa kwenye asilimia 40. Mwezi wa tisa na wa kumi, kwenye mashamba yaliyolimwa yakabaki wazi, kuna chamchela saa za mchana. Ukiiona inazunguka upande wowote wa macho yako, teremsha.

Mkeka wa kurukia ni lazima hapa. Propela zikianza kuzunguka juu ya udongo mtupu, zinainua vumbi na kulivuta kwenye gimbali (kishikio kinachotuliza kamera ya droni) na mota, na chembe zenye chuma hung'ang'ania sumaku za mota. Turubai dogo lililobanwa kwa mawe manne linafanya kazi ile ile. Boneti ya gari usiitumie, chuma chake kinavuruga dira.

Betri za lithiamu zinateswa sana na magari yetu. DJI wanataka zichajiwe kati ya nyuzi 5 na 40 za sentigredi, na gari lililoegeshwa juani huvuka 40 mapema mno. Kama hurushi wiki hiyo, ziache kwenye asilimia 50 au 60, zisikae zimejaa. Zikitoka kazini zipoe kwanza ndipo uchaji. Simu inayotumika kama skrini nayo hujipunguzia mwanga ikipata joto, wakati ule ule unapohitaji kuona. Kivuli cha plastiki cha kuibania simu kinauzwa bei ndogo na kinasaidia kuliko simu mpya.

Na bodaboda. Mwaka 2021 Apple waliwatahadharisha watumiaji kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu utulizaji wa lenzi za simu. Bodi nyingi mpya zina sensa inayoelea kwa namna hiyo hiyo, na gimbali ya droni ndiyo dhaifu zaidi. Begi livaliwe kifuani, lisifungwe kwenye kariya, na kibanio cha gimbali kiwe mahali pake hata kwa safari ya kutoka Makole hadi Kisasa.

Liko jambo moja ambalo hatujakubaliana, na anayenipinga ni dada anayepiga harusi kuliko mimi. Mimi nasema bodi mbili za kawaida, moja na 35, nyingine na 85, usibadilishe lenzi kutwa, vumbi lisipate mlango. Yeye anashikilia zumu moja ya 24-70 f/2.8 kwenye bodi moja nzuri. "Kaka, kamera mbili shingoni toka asubuhi mpaka usiku, hilo la mgongo umelipigia hesabu?" aliniuliza. Nikamwambia zumu yake inarefuka. Akasema anaifuta kila baada ya tukio, na inaenda kwa fundi kila msimu wa vumbi ukiisha. Ana hoja kuhusu mgongo, nami naendelea kuamini nina hoja kuhusu lenzi. Mwezi wa nane anapiga harusi mbili Bahi, na tumekubaliana abebe bodi yangu yenye 85 kwenye moja ya hizo, kisha tupige picha ya anga kwa f/16 kwa kamera zote mbili na tuzilinganishe.